Kabla ya "Tafsiri Hii" na Baada Yake

Dandora ilijengwa nusu. Wala si kwamba fedha ziliishia njiani. Ndivyo mpango wenyewe ulivyokuwa. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilikubaliana na Benki ya Dunia kupima viwanja 6,000 upande wa mashariki wa Nairobi, kupitisha barabara, maji na mabomba ya majitaka, kisha kumwachia kila mwenye kiwanja choo, bafu na, kwa wachache, chumba kimoja au viwili. Kilichobaki angejijengea mwenyewe, shilingi ikipatikana. Wataalamu wa makazi waliusifu mradi huo na kuuandikia vitabu. Waliopata viwanja nao walipiga hesabu zao: badala ya kujenga nyumba ya familia, wakajenga vyumba vya kupangisha, kisha ghorofa, kisha ghorofa nyingine juu yake. Mtaa uliochorwa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo lakini wenye nyumba zao ukageuka mtaa wa wapangaji, familia nyingi zikisubiriana kwenye bomba lilelile.

Miaka hiyohiyo baraza la jiji lilianza kumwaga taka katika machimbo ya mawe yaliyokuwa pembeni. Jaa la Dandora halikuwahi kufunikwa wala kuhamishwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilipotoa uchunguzi wake mwaka 2007, jaa lilikuwa limetanda juu ya ekari 30 hivi na kupokea karibu tani 2,000 za taka kwa siku. Watoto 328 wa maeneo ya jirani walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Makao makuu ya UNEP yako Gigiri, Nairobi hiyohiyo. Kama barabara hazina msongamano, kutoka getini kwao hadi jaani si safari ya kubeba chakula.

Huko Dandora ndiko walikotoka vijana watatu waliojiita Kalamashaka: Kamau Ngigi, aliyejulikana kama Kama, pamoja na Johnny na Oteraw. Wimbo uliowatoa, "Tafsiri Hii", uliivamia Kenya mwaka 1997. Wapo wanaoutaja kuwa mwanzo wa rap ya Kenya, na hapo wanakosea, maana wengine walitangulia. Lakini waliotangulia walikuwa na jambo moja lililowasumbua ambalo Kalamashaka waliamua halitawasumbua wao, na ili kulielewa inabidi turudi nyuma kidogo, kwanza Dar es Salaam, halafu mbali kabisa, Atlanta.

Mwaka 1991 Tanzania ilikuwa bado na redio za serikali tu. Vijana wa Upanga, Oysterbay na Kinondoni walizipata kanda za rap kupitia jamaa waliokuwa Ulaya na Marekani, wakazikariri mpaka pumzi ya msanii wakaijua mahali inapokatwa. Mwaka huo kulikuwa na shindano lililoitwa Yo Rap Bonanza, na mshindi akawa Saleh Jabir. Alichofanya kilikuwa rahisi kusimulia na kigumu kutenda: aliichukua biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, akaitoa Kiingereza chake na kuijaza Kiswahili. Kanda yake ikasambaa hadi Mombasa na Nairobi. Leo ukiisikiliza utatabasamu, maana biti ni ya mtu, na vituko ni vya mtu. Lakini ilithibitisha kwamba Kiswahili, chenye maneno marefu yanayoishia kwa irabu, kinaweza kukimbizana na ngoma ya mashine bila kuanguka. Irabu zile zile zilizodhaniwa kuwa kikwazo zilikuwa mtaji: kila sentensi inakaribia kuwa na kina tayari. Wasomaji wa tenzi walilijua hilo karne nyingi kabla, ila hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Baada ya hapo likaja Kwanza Unit, kundi lililounganisha vijana wa makundi kadhaa ya Dar es Salaam, wakiwemo msanii KBC na Zavara Mponjika aliyeitwa Rhymson. Hao walirap kwa Kiingereza na Kiswahili pamoja, na walikuwa na ndoto kubwa kuliko studio zilizokuwepo. Redio binafsi zilipoanza kuruhusiwa, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, ghafla kukawa na mahali pa kupeleka kanda. Kijana wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, aliyejiita 2 Proud na baadaye Mr. II, akatoa albamu yake "Ni Mimi" mwaka 1995, yote ikiwa ya mtu asiyeona haya kusema alipotoka.

Sasa Atlanta. Msomaji atauliza jimbo la Georgia lina uhusiano gani na jaa la Dandora. Uhusiano upo katika kudharauliwa na wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 rap ya Marekani ilikuwa na wenyeji wawili, New York na Los Angeles, na wote wawili waliwatazama watu wa Kusini kama washamba: wanaongea polepole, wanavuta maneno, wanacheka kwa sauti. Geto Boys wa Houston na 2 Live Crew wa Miami walikuwa wameuza santuri nyingi, lakini heshima hawakupewa. Msanii wa Atlanta aliyetaka kusikika alijifunza kuongea kama mtu wa Brooklyn.

Katika mtaa wa Lakewood Heights, kijana aliyeitwa Rico Wade alikuwa na vyombo vya kurekodia chini ya nyumba ya mama yake, mahali palipokuwa na kuta za udongo mwekundu wa Georgia na hewa nzito. Wakapaita Dungeon, yaani gereza la chini ya ardhi. Yeye, Ray Murray na Sleepy Brown waliunda kundi la watayarishaji, Organized Noize. Siku moja wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Tri-Cities huko East Point, André Benjamin na Antwan Patton, walimfuata Rico Wade kwenye duka la vipodozi alikokuwa akifanya kazi, na wakafoka mbele yake nje ya duka, juu ya ala ya wimbo wa A Tribe Called Quest, bila kupumzika, hadi akaona hawa si wa kuachwa waondoke. Wakajiita OutKast.

Kampuni ya LaFace, ya L.A. Reid na Babyface, ilikuwa Atlanta hapohapo, ikiwa na TLC na Toni Braxton. Reid hakuvutiwa na vijana wale mara ya kwanza. Mwaka 1993 kampuni ikawa inatengeneza albamu ya Krismasi ya wasanii wake, na Organized Noize wakaambiwa walete wimbo mmoja wa rap. Ndiyo nafasi waliyopewa OutKast: wimbo wa Krismasi, kazi ambayo kwa msanii wa rap mwenye umri wa miaka 18 ni karibu na tusi. Kukataa wasingeweza. Wakaandika kuhusu Krismasi kama wanavyoijua wao, siku ambayo kule mtaani kwao hakuna theluji wala Baba Krismasi, kuna magari ya Cadillac, kuna wahuni waliovaa vizuri, kuna watu wamekaa tu. Sleepy Brown akaimba kiitikio kwa sauti nyembamba ya juu, kwa mtindo ambao wapenzi wa mwimbaji Curtis Mayfield wangeutambua mara moja, na besi ikapigwa kwa mkono badala ya kukatwa kwenye santuri ya mtu.

Wimbo huo, "Player's Ball", ulitoka Novemba 1993. Baadaye njuga za Krismasi na baadhi ya maneno ya sikukuu yaliondolewa, na video yake ikaongozwa na Sean Combs, mtu wa New York, kabla dunia haijamjua kwa mazuri wala kwa mabaya. Ulikaa wiki sita kileleni mwa chati ya Billboard ya singo za rap, na kwenye chati kuu ukafika nafasi ya 37. Mimi binafsi sioni fahari katika habari za wahuni wanaoishi kwa migongo ya wanawake, na jina la wimbo linatokana na sherehe za watu wa namna hiyo. Lakini sikiliza namna vijana wale wanavyotaja vitongoji vyao: East Point, College Park. Wanavitaja kama mtu anayetoa anwani ya barua. Kabla yao hakuna aliyedhani majina hayo yana sauti.

Albamu ilifuata Aprili 1994. Mwaka mmoja na ushee baadaye, Agosti 1995, jarida la The Source lilitoa tuzo zake New York, na OutKast wakashinda tuzo ya kundi jipya. Ukumbi ukawazomea. Watu wa New York walikuwa wakizomeana na watu wa Los Angeles usiku ule, na wote wakapata nafasi ya kukubaliana juu ya jambo moja. André akasogea kwenye kipaza sauti na kusema kwa ufupi kwamba Kusini nako kuna la kusema. Basi, akashuka.

Mwaka wa "Player's Ball" ulikuwa pia mwaka wa Ntoto, na wanaosimulia rap ya Kiswahili kwa kawaida huishia Namanga au Tunduma wakasahau kwamba Kiswahili hakiishii hapo. Ntoto iko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Tarehe 20 Machi 1993 wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wanyarwanda waliokuwa sokoni hapo. Kulipiza kisasi kukafuata, kijiji kwa kijiji, na katika miezi michache maelfu wakauawa wa pande zote na zaidi ya watu 200,000 wakahama makwao. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakamiminika, na vita vikabadili majina tangu hapo. Watoto waliokulia katika hama-hama hiyo wengi waliishia Goma, mji ambamo Mhunde, Mnande, Mshi na Mnyarwanda wakikutana kwenye kituo cha pikipiki huongea Kiswahili, kwa sababu hakuna kingine kinachowatosha wote. Rap yao ikawa ya lugha hiyo, ikichanganywa na Kifaransa kama Nairobi inavyochanganya Kiingereza. Petna Ndaliko Katondolo alipofungua kituo cha Yole!Africa mjini humo, vijana walipata mahali pa kujifunza densi, filamu na muziki katika mji ambao kwa vyombo vya habari vya dunia ulikuwa na habari mbili tu, bunduki na volkano.

Gharama ya kusema ukweli huko ni ya aina nyingine. Delcat Idengo, mwanamuziki wa Kivu Kaskazini aliyewahi kutiwa jela na serikali kwa sababu ya nyimbo zake, alipigwa risasi na kufa Goma tarehe 13 Februari 2025, majuma machache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, akiwa anarekodi video ya wimbo mpya. Serikali ilimfunga, na chini ya utawala wa waasi akauawa. Msanii anayeudhi pande zote mbili huenda alikuwa akitazama mahali panapostahili.

Turudi Nairobi, maana kuna swali tuliloliacha: waliotangulia Kalamashaka walisumbuliwa na nini?

Walisumbuliwa na lafudhi. Kenya ya mwaka 1990 ilikuwa na KBC, shirika la serikali, na KTN, televisheni mpya iliyojaa video za Marekani. Mwaka 1996 ikaja Capital FM, redio ya kwanza binafsi ya masafa ya FM, na watangazaji wake walitamka Kiingereza kama watu waliozaliwa ng'ambo ya Atlantiki na kupitia Nairobi kwa bahati tu. Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa katika katiba ya mdomo. Shuleni mtoto aliyekutwa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao cha aibu shingoni, na katika baadhi ya shule Kiswahili nacho kilikuwa na siku yake moja ya kuruhusiwa kwa wiki. Sheng, lugha ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, iliyochanganya Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na chochote kilichokuwa karibu, walimu waliilaumu kila matokeo ya mitihani yalipotoka vibaya. Kijana aliyetaka kurap, na kuchezwa redioni, alijua anapaswa kusikika vipi.

Ukuta huo ulianza kupata nyufa kabla ya Kalamashaka. Hardstone, ambaye jina lake ni Harrison Ngunjiri, alitoa "Uhiki", akiweka Kikuyu na mahadhi ya regge juu ya wimbo wa Marvin Gaye, na mtayarishaji wake alikuwa Tedd Josiah, kijana aliyekuwa na masikio ya kutambua kwamba kinachouza si kuiga. Miaka hiyohiyo Poxi Presha naye akaja na "Otonglo Time", akifoka kwa Kijaluo kuhusu fedha na majigambo yake, na kila matatu ikaupiga, hata zile za njia ambazo abiria wake hawakuelewa neno. Nyimbo hizi zilichekesha, zilichezeka. Hazikumtisha mtu.

Kisha ukaja mwaka 1997. Waliokuwa Nairobi mwaka huo wanaukumbuka kwa mabomu ya machozi. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, polisi walivamia mikutano ya kudai mabadiliko ya katiba, wakafukuza watu hadi ndani ya kanisa la All Saints. Katikati ya mwaka Shirika la Fedha la Kimataifa likasitisha mikopo yake kwa sababu ya ufisadi. Oktoba walimu wakagoma. Mvua za El Niño zikaanza na kubomoa barabara zilizokuwa tayari zimebomoka. Desemba Rais Moi akashinda uchaguzi wa pili tangu vyama vingi virudi. Na chini ya habari hizo zote kulikuwa na habari ya polepole isiyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza: kupunguzwa kwa wafanyakazi wa serikali na viwanda, kwa masharti ya wakopeshaji, ambako kuliwarudisha baba wengi wa Eastlands nyumbani wakiwa na bahasha na hawana kazi.

Katika hali hiyo ndipo ulipotoka "Tafsiri Hii". Tedd Josiah alikuwa nyuma ya vyombo. Mapigo ni ya polepole, hayana haraka ya kumfurahisha mtu. Sauti za vijana watatu zinapokezana kwa Kiswahili kilichotiwa Sheng, kila mmoja akieleza maisha ya mtaa: njaa, ukosefu wa kazi, jinsi wizi unavyomjia kijana kama kazi nyingine yoyote. Wanamtaka msikilizaji aliye nje ya mtaa ajitafutie mwenyewe maana ya anachokisikia. Hakuna anayejitetea wala kutubu. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya aina hiyo walikuwa wakizungumziwa: na wanasiasa, na wahubiri, na mashirika yenye magari meupe. Sasa mtu wa huko alikuwa anazungumza, na hakuwa amebadili sauti kabla ya kuingia studio.

Wasikilizaji wa Kenya hawakuwa wamezoea kusikia hayo redioni, na ukiacha wanaharakati na wahubiri wachache, hawakuwa wamezoea kuyasikia popote. Wimbo ukapigwa. Ukapigwa na matatu za Eastlands kwanza, jambo linaloeleweka, lakini ukapigwa pia na vituo vilivyokuwa vikitafuta lafudhi ya Marekani, kwa kuwa wasikilizaji waliupigia simu. Nadhani hapo ndipo penye uzito wa tukio. Atlanta iliombwa wimbo wa Krismasi ikatoa Lakewood na East Point. Nairobi ilitaka burudani ya kupunguza machungu ya mwaka mbaya, ikapewa Dandora yenyewe. Katika hali zote mbili mlango haukuwa umejengwa kwa ajili yao, na waliupita wakiwa na viatu vyao vyenye tope.

Kuna tofauti pia, na si ndogo. OutKast walikuwa na kampuni yenye fedha, wanasheria na magari ya kusambaza santuri nchi nzima. Kalamashaka walikuwa na River Road, mtaa wa Nairobi ambako kanda halali na ya wizi zilipangwa kwenye meza moja, na ya wizi ikiwa na karatasi ya jalada iliyochapwa vizuri zaidi. Poxi Presha alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kupambana na wezi wa kanda, hata akiongoza misako madukani, na alipofariki mwaka 2005 wezi walikuwa bado wapo. Sheria mpya ya Kenya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001, wakati wasanii wa wimbi la kwanza walikuwa wameshapoteza walichopoteza. Umaarufu wa "Tafsiri Hii" ulimfikia karibu kila kijana wa Kenya aliyekuwa na masikio, ila hesabu ya kilichowarudia wenyewe ingejaa kwenye daftari dogo.

Lakini walipata kitu kingine. Nyumbani Dandora, vijana walianza kukusanyika kwao, wengine wakiwa bado wanafunzi, wakitaka kurap. Kundi hilo likaitwa Mau Mau. Jina halikuwa la mapambo. Sheria ya kikoloni iliyolipiga marufuku vuguvugu la kupigania uhuru la Mau Mau ilikuwa bado imo vitabuni. Serikali ya Rais Kibaki iliiondoa mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Kwa hiyo vijana wenye rasta wa Eastlands walijiita jina ambalo kwa mujibu wa sheria lilikuwa haramu, na baba zao wengine walikuwa bado wanalitamka kwa sauti ya chini. Albamu ya Kalamashaka, "Ni Wakati", ilitoka mwaka 2001, na katika wimbo wenye jina hilo wameingiza sauti ya Malcolm X. Walikwenda kuimba Nigeria na Skandinavia, ambako Ken Ring, mwana-rap wa Uswidi mwenye asili ya Kenya, alikuwa rafiki wa kazi yao.

Kutoka Mombasa kulikuwa na kundi jingine, Ukoo Flani, la watu waliokuwa na Kiswahili cha pwani ambacho Nairobi haikiwezi. Makundi hayo mawili yaliungana na kuitwa Ukoo Flani Mau Mau. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa na faida za kilugha ambazo wahakiki hawajaziandika vya kutosha: mtu wa Nairobi alileta Sheng na hasira, mtu wa pwani alileta mafumbo na mizani, na ndani ya wimbo mmoja unasikia miji miwili ikijibizana. Mwaka 2004, kwa msaada wa wadau kutoka Uholanzi, walitoa "Kilio cha Haki", iliyowakusanya wana-rap 38 katika albamu moja.

Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Februari, OutKast walisimama Los Angeles na kupokea Grammy ya albamu bora ya mwaka kwa "Speakerboxxx/The Love Below". Kusini, iliyozomewa mwaka 1995, ilikuwa sasa ndiyo inayoamuru rap ya Marekani iende wapi. Atlanta ikawa mji mkuu wa muziki huo na bado ndio. Rico Wade, aliyewafungulia mlango wa nyumba ya mama yake, alifariki Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 52.

Dandora haikuwa mji mkuu wa kitu chochote. Kufikia 2002 redio za Nairobi zilikuwa nyingi, na zilikuwa zimegundua kwamba muziki wa kucheza unauza matangazo vizuri zaidi kuliko muziki wa kufikiri. Ogopa DJs wakaja na mtindo uliopewa jina la kapuka, Calif Records wakaja na genge, na Sheng iliyokuwa ya kusemea njaa ikatumika kusifia makalio. Sisemi kwa dharau; nyimbo nyingine za wakati huo ni nzuri, na "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, ya mwaka 2002, ilifanya kazi ya kisiasa ambayo mikutano mingi ya hadhara ilishindwa kuifanya. Lakini ukweli ni kwamba lugha waliyothubutu kuitumia Kalamashaka redioni ndiyo iliyowalipa waliokuja baadaye, na waliokuja baadaye hawakuwa na sababu ya kuitumia kwa habari za taka na risasi katika damu.

Wachache walibaki na habari hizo. Juliani, aliyekulia Dandora na kulelewa kisanii na Mau Mau, alipookoka aliendelea kuandika kuhusu mtaa, akatoa albamu aliyoiita "Mtaani" mwaka 2008, kisha akaanzisha Dandora Hip Hop City, mahali pa vijana wa huko kujifunzia sanaa. Injili yake haikumfanya awe mpole, na baadhi ya waumini walilalamika kuhusu hilo.

Tanzania ilichukua njia yake. Hard Blasters walitoa "Funga Kazi" mwaka 2000 ikiwa na "Chemsha Bongo", na mmoja wao, Joseph Haule, akawa Professor Jay. Mr. II wa "Ni Mimi" alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Wote wawili kwa tiketi ya upinzani, wote wawili wakipigiwa kura na watu waliozijua nyimbo zao. Nairobi nayo ilimpeleka msanii bungeni mwaka 2017. Ilimchagua Jaguar, wa muziki wa kucheza, kwa jimbo la Starehe. Dandora ipo katika jimbo la Embakasi Kaskazini, na mbunge wake hadi leo hajawahi kuwa mtu wa kurap.